Kila Mtu na Kifo Chake

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, natandika meza ya barazani:
ramu nyeupe, digrii hamsini na tisa,
bakuli la sukari ya miwa, rangi ya mchanga uliolowa,
ndimu sita, kisu kifupi, vijiko vya kahawa.
Barafu hakuna. Barafu ni ya watalii
na ya goti la Hermance.

Hapa Marie-Galante tuna msemo:
kila mtu na ajitengenezee kifo chake.
Yaani mwenyeji huweka chupa, mgeni hujimiminia,
wala hakuna wa kumhesabia mwenzake.
Barazani pangu mila hiyo imevunjika.
"Sulpice," wananiambia, "kifo chetu tutengenezee wewe."

Basi natengeneza.
Nakata ndimu ubavuni, upana wa sarafu,
ganda na nyama kidogo tu,
nakiminya kipande juu ya sukari, nakiacha kizame,
nakoroga mpaka kijiko kiache kulalamika.
Hapo ndipo ramu huingia.
Kwa Roland, vidole viwili.
Kwa Roland aliyelipwa leo, vitatu.

Mimi sijaionja, huu mwaka wa kumi na moja.
Sababu tunaijua watatu:
mimi, daktari,
na ngazi ya nyuma, kipandio cha nne.

Napima kwa pua, kama mpishi aliyefunga
aijuavyo chumvi ya mchuzi kabla ya magharibi.
Ramu ya mwaka wa mvua hunukia majani yaliyokatwa alfajiri;
ya mwaka wa jua, ndizi iliyosahauliwa juu ya kabati.
Ndimu iliyozeeka huongopa,
nami huigundua kisu hakijatokea upande wa pili.

Wiki iliyopita alikuja Loïc, mtoto wa dada yangu, kutoka Lyon,
na kopo la chuma la kutikisia,
kikombe chenye mistari, daftari.
Pasheni, nanasi, maji ya chungwa,
kungumanga ya kukwangua papo hapo.
"Mjomba, mililita arobaini na tano, si zaidi."
Akatikisa, akatikisa,
kama mtu anayeutikisa mti uliokwisha kuchumwa.
Barafu aliinunua mwenyewe, mfuko mzima.

Hermance akapokea, akanywa funda moja,
akaviangalia viatu vyake.
"Tamu," akasema,
kwa sauti tunayoisifia hotuba ndefu.

Nikamwomba glasi. Nikainusa.
Utamu mtupu, umekaa kitako, hauna pa kwenda.
Nikaongeza nusu ndimu, chembe za chumvi,
ramu kidogo ya pipa, ile nyeusi
ninayoificha nyuma ya unga.
Nikamrudishia.

Sikuitazama glasi. Glasi haisemi kitu.
Nilitazama pale kati ya nyusi zake,
ule mkunjo alioondoka nao posta siku aliyostaafu:
ukalegea. Ukafunguka.
Akamsimulia Roland kisa cha barua ya mwaka themanini na sita
iliyoandikwa anwani moja tu, "Kwa mama,"
na jinsi alivyoifikisha.
Hatukuwahi kukisikia. Miaka yote hiyo tumekaa naye!

Loïc akanivuta kando. "Umeongeza kiasi gani?"
Nikamwambia. Akaandika.
Nimelisoma daftari lake alipolala:
*Kipimo: paji la uso la Bi Hermance.*
Chini yake, alama ya kuuliza.

Wakishaondoka naosha glasi, na hapo
ndipo ninapopata sehemu yangu.
Naingiza pua katika kila moja.
Huyu alikunywa kwa haraka, ana neno hakulisema.
Huyu alitafuna ndimu mpaka ganda.
Hii ina sukari chini, haikukorogwa, kosa langu:
nilikuwa nasikiliza.

Nafunga chupa. Kizibo kinalia kidogo.
Nazima taa ya baraza, napanda kulala
kwa ngazi ya nyuma.
Kimoja, viwili, vitatu.
Cha nne nakikanyaga kwa mguu mzima.